Mhariri, mayai ya Dar yaandikwe tarehe ya kuokotwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongelee mayai, na naomba usinikatie sana maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na kila nikipita madukani naona linazidi. Mkate una tarehe, maziwa ya pakti yana tarehe, hata biskuti za watoto za shilingi mia zina tarehe, lakini yai ambalo ndo mboga ya haraka ya kila nyumba hapa mjini halina chochote. Trei zinapangwa nje ya duka juu ya kreti za soda, jua la saa saba linawaka juu yake, ukiuliza haya ya lini unajibiwa "mapya hayo mama, yameingia jana". Sawa, dukani yameingia jana, ila kuku kayataga lini? Hapo ndo hamna anaejua. Na simwiti muuza duka mwongo, hapana, yeye mwenyewe hajui, kijana wa bodaboda aliyeyaleta alfajiri hajui, na yule wa jumla aliyeyakusanya kwa wafugaji wanne watano nae hajui kwasababu yameshachanganyika.

Ninachoomba ni kitu kimoja, mfugaji akiokota mayai aandike tarehe, na hiyo tarehe ifike mpaka kwa mnunuzi wa mwisho. Basi. Nataka nieleze kwanini, maana nikisema hivi watu wengine wananiona nina mambo ya kizungu.

Mimi ni mama wa nyumbani Tabata, napika keki na vitafunio vya oda, kwahiyo mayai yanapita mikononi mwangu kila wiki na mtu anaevunja mayai mengi anajifunza kuyasoma. Yai jipya ukilivunja kwenye sahani kiini kinakaa juu kimevimba kama kilima, na ule ute mweupe unashikana kukizunguka, hautawanyiki. Yai lililokaa kwenye joto ukilivunja ute unakimbia wote kama maji na kiini kinalala bapa, saa ingine kinapasuka kabla hata hujakigusa. Huu sio ushamba wa jikoni, kuna Mmarekani anaitwa Raymond Haugh alianzisha kipimo cha ubora wa yai mwaka 1937, na kipimo chenyewe ni urefu wa ule ute mzito ukishavunja yai juu ya kitu bapa, ukihesabu na uzito wa yai, na mpaka leo watu wa mayai duniani wanakitumia. Sasa keki inataka ute wenye nguvu ili ishike hewa, na mtoto wa shule anataka yai lenye usalama, na wote wawili hawajui wamepewa la lini.

Kinachofanya yai lizeeke ni hivi. Ganda linaonekana gumu limeziba lakini lina vitundu maelfu, vidogo sana jicho halivioni, kifaranga angepumulia huko. Kupitia hivyo vitundu maji yanatoka taratibu na hewa inaingia, na ndani kwenye ule upande mnene kunakuwa na kichumba cha hewa kinachozidi kukua kila siku. Pia kuna gesi ya kaboni inatoka na ikitoka ute unakuwa mwepesi. Joto linaharakisha yote hayo. Kuna kanuni watu wa mayai wanaitumia, kwamba siku moja nje kwenye joto la chumba yai linazeeka karibu sawa na wiki nzima ndani ya friji, na hapo wanaongelea chumba cha kawaida cha wenzetu wenye baridi, sio duka la bati la Buguruni au Mbagala mwezi wa pili ambapo mchana joto linafika nyuzi 32 na unyevu juu. Hebu fikiria sasa trei imekaa kwa mfugaji siku nne, kwa wa jumla siku mbili, dukani wiki.

Kwahiyo mtu anaponunua yai bila tarehe hajui kama bado lina wiki tatu za kukaa kwenye friji yake au linatakiwa liliwe leo leo.

Kwa sasa wakati tarehe hamna kuna njia za kujipimia na nazitaja kwasababu nyingi watu wanazijua nusu. Ya maji kila mtu anaijua, unaweka yai kwenye bakuli lenye maji, likilala chini kwa ubavu ni jipya, likisimama wima chini ni la zamani kidogo lakini linalika, likielea juu tupa. Ni kweli inafanya kazi maana inapima kile kichumba cha hewa. Lakini naomba tuelewane, haipimi ugonjwa, yai linaweza kulala chini kabisa likawa jipya la asubuhi hiyo na bado lina bakteria wa salmonela ndani, kwahiyo kuzama sio ruhusa ya kulila bichi. Na ukishalitia maji lipike siku hiyo, usilirudishe kwenye trei, nitaeleza mbele kwanini. Njia ninayoipenda zaidi mimi ni ya tochi ya simu, unazima taa usiku, unaweka upande mnene wa yai juu ya tochi, unaona ndani kunang'aa na kile kichumba cha hewa unakiona kabisa kama kofia, kikiwa kidogo yai ni jipya, kikiwa kimekula sehemu kubwa ni la zamani, na ukiona weusi au mishipa ya damu imetandaa achana nalo. Yale mayai ya ganda jeupe yanaonekana vizuri zaidi, ya kahawia inabidi ukazane kidogo. Ile ya kutikisa sikioni sio ya kuaminika, likigonga ndani kweli limeshachoka, lakini likinyamaza halijakuambia kitu.

Hiyo mishipa ya damu inanileta kwenye mayai ya kienyeji ambayo watu wanayalipia bei ya juu, na wengi hawajui kwamba ndo yanayohitaji tarehe kuliko hata ya kisasa. Kuku wa mayai wa bandani hawana jogoo, yai lao halina mbegu, halitakuja kuwa kifaranga hata ulifanyeje. Kuku wa kienyeji anatembea na jogoo. Yai lenye mbegu likikaa sehemu ya baridi linatulia tu, lakini joto likipita nyuzi 20 na kitu mbegu inaanza kuamka taratibu, na Dar es Salaam usiku na mchana tuko juu ya hapo karibu mwaka mzima. Kuatamia kwenyewe ni nyuzi 37 na nusu kwa siku 21, sasa yai la kienyeji limekusanywa Singida huko, limepanda basi, limekaa kwenye boksi Kariakoo, linauzwa kwenye kona ya mtaa wiki mbili baadae, huyo kifaranga ameanza akafia njiani, ndo unakuta yai viza linanuka nyumba nzima na mteja anaapa hanunui tena kienyeji. Kosa sio la kuku. Na hapo hapo nisahihishe kitu kimoja, kitone kidogo cha damu kwenye kiini cha yai la kisasa sio kifaranga na hakina madhara, ni mshipa mdogo tu umepasuka wakati yai linatengenezwa tumboni, kiondoe na ncha ya kisu upike. Na kiini kuwa cha njano kali hakimaanishi yai lina nguvu zaidi, ni chakula cha kuku tu, akila majani na mahindi ya njano kiini kinakolea, akila mahindi meupe ambayo ndo ya kwetu kiini kinapauka.

Sasa kuosha. Hili nasema kwa msisitizo maana akina mama wengi wasafi ndo wanakosea hapa kwa nia njema kabisa. Yai likitoka kwa kuku lina utando mwembamba juu ya ganda unaoziba vile vitundu, ukiliosha unautoa. Tena ukiliosha kwa maji ya baridi yai lenye joto, vilivyomo ndani vinanywea na kuvuta maji ya nje kuingia kupitia vitundu, pamoja na uchafu ule ule uliokuwa unataka kuutoa. Marekani wanaosha mayai yao viwandani kabla ya kuuza, lakini wanatumia maji ya moto kuliko yai na baada ya hapo sheria inataka yakae kwenye baridi ya nyuzi 7 kushuka chini mpaka yafike dukani, hawayaachi nje. Ulaya wao wameamua kinyume, mayai ya daraja la juu hayaoshwi kabisa. Sisi tunaosha kama Wamarekani alafu tunayaweka juu ya kabati kama Wazungu wa Ulaya, tumechukua ubaya wa kila upande. Yai likija na kinyesi lipanguse kwa kitambaa kikavu, likiwa chafu sana lioshe dakika ile ile unataka kulivunja, na mikono uoshe baada ya hapo, na ile bakuli.

Mwenye friji aweke kwenye friji, mapema, siku ile ile ameyanunua. Sio mlangoni jamani. Najua friji nyingi zimekuja na vile vishimo vya mayai mlangoni lakini mlangoni ndo sehemu yenye joto kuliko zote, kila mtoto akifungua kutafuta maji mayai yanapigwa joto na kutikiswa. Weka ndani kwenye rafu, kwenye trei lake au chombo chenye mfuniko, ule upande uliochongoka ukiangalia chini ili kile kichumba cha hewa kibaki juu na kiini kikae katikati. Mfuniko ni muhimu maana yai linavuta harufu, likikaa karibu na samaki au vitunguu utaisikia kwenye keki. Yakiwa yaliingia friji yakiwa mapya yanakaa wiki tatu mpaka tano bila shida. Yakishapoa usiyatoe nje ukayaacha, yanatoka jasho kwa unyevu wetu huu wa pwani na hilo jasho ndo njia ya bakteria kupita kwenye ganda, kwahiyo yai la friji likikaa nje zaidi ya masaa mawili lipike tu. Umeme ukikatika usifungue fungue, friji ikifungwa inashika ubaridi kama masaa manne hivi.

Wasio na friji ni wengi na sitaki barua hii iwe ya wenye friji peke yao. Kwa hao ushauri wangu ni wa kununua kidogo kidogo, kuliko trei zima kwa sababu tu linapungua bei kidogo alafu yai la mwisho unalila siku ya ishirini. Nunua ya siku tatu nne. Yaweke chini sakafuni pembeni ambako saruji ina ubaridi, mbali na jiko na mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni, usiyaweke juu ya kabati karibu na bati, huko juu kunachemka. Kuna ile njia ya chungu ndani ya chungu na mchanga wenye maji katikati, inapoza vizuri sana Dodoma au Singida kwenye hewa kavu, hapa kwetu hewa yenyewe imelowa kwahiyo maji hayakauki haraka na ubaridi unakuwa mdogo, usiitegemee sana. Watu wa zamani walikuwa wanapaka yai mafuta ya kula kidogo kuziba vitundu, hiyo inasaidia kweli kuchelewesha kuzeeka, ila yai liwe jipya na kavu na halijaoshwa, maana ukipaka mafuta yai bovu unafungia ubovu ndani.

Kwenye kupika nitasema machache. Ute unaanza kuganda kwenye nyuzi 60 na kidogo, kiini kinafuata kwenye 65 mpaka 70, na salmonela hapati nafasi yai lote likifika nyuzi 71, kwahiyo kwa lugha ya jikoni ni kwamba ute na kiini vyote viwe vimeshikana, hamna kinachotiririka. Kwa mtoto chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee na mtu ambae mwili wake hauna kinga ya kutosha hii isiwe ya kujadiliana. Ugonjwa wenyewe unaweza kuanza masaa sita tu baada ya kula au hata siku sita, kuhara, homa, tumbo linasokota, ndo maana watu hawaunganishi na yai walilokula Jumapili, wanasema ni malaria au maji. Mtu mzima mzima anaweza kupona mwenyewe kwa wiki, mtoto mdogo anakauka maji haraka, mpeni ORS na mumuwahishe kituo cha afya.

Chipsi mayai, zege letu, hapo shida ni papara. Foleni imekuwa ndefu, kaka anageuza mara moja, nje imekuwa kahawia katikati inateleza. Mwambieni aiache, hatakasirika. Na ile bakuli ambayo kavunjia mayai kumi yote kwa pamoja saa kumi na mbili jioni ili asihangaike, inakaa pembeni ya jiko la moto mpaka saa nne usiku, yai moja bovu au lenye ugonjwa limeshayaharibu yote na joto linakuza wale wadudu, ni heri avunje ya kila mteja kwa wakati wake. Mayai yenye nyufa yanayouzwa bei ya chini wapika chipsi na wapika keki tunayapenda, sikatai, lakini yanunuliwe yakiwa yamepasuka leo, yavunjwe kwenye chombo safi chenye mfuniko na yapikwe siku hiyo hiyo mpaka yaive kabisa.

Kuchemsha, huku Dar tuko usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 100, dakika kumi mpaka kumi na mbili zinatosha yai kuiva lote. Ndugu zetu wa Mbeya wako juu zaidi ya mita 1,600, maji yao yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, waongeze dakika. Ukichemsha nusu saa kiini kinazungukwa na rangi ya kijani kijivu, watu wanadhani limeoza, hapana, ni madini ya chuma ya kwenye kiini yamekutana na salfa ya kwenye ute kwa sababu ya moto mwingi, linalika ila limekauka. Na lile swali ambalo naulizwa sana, mbona mayai mapya kutoka bandani hayamenyeki, yanatoka na nyama yake? Ni kwasababu ni mapya, ute bado umeng'ang'ania ule utando wa ndani ya ganda, yai likikaa friji wiki moja au zaidi linaachia. Yatumbukize kwenye maji yanayochemka tayari badala ya kuanza na maji baridi, yakiiva yahamishie kwenye maji ya baridi sana, yatamenyeka.

Vijana wa gym wanaokunywa mayai mabichi asubuhi, na wale wanaopasulia yai bichi kwenye maziwa au soda ili kupata nguvu, wadogo zangu, mnajinyima. Kuna utafiti ulitoka mwaka 1998 ulipima ni protini kiasi gani ya yai mwili unaichukua, ya yai lililopikwa ilikuwa karibu asilimia 91, ya yai bichi asilimia 51. Yai moja lina gramu sita za protini, ukilinywa bichi unaachia karibu nusu ipotee na unajiongezea hatari ya kuharisha. Chemsha, kula, nenda kanyanyue vyuma.

Na wale vijana wanaotembeza mayai ya kuchemsha na kachumbari vituo vya daladala, kazi yao naiheshimu sana, wanatafuta riziki kwa miguu. Lakini watu wengi wanadhani yai likishachemshwa linakaa kuliko bichi, na ni kinyume, maji ya moto yameshautoa ule utando wa nje na vitundu viko wazi. Yai la kuchemsha nje ya friji ni masaa mawili, na joto likipita nyuzi 32 ni saa moja tu. Kwahiyo aliechemsha trei mbili alfajiri akazunguka nazo mpaka jioni, yale ya mwisho sio salama. Wachemshe kwa awamu, kidogo asubuhi kidogo jioni, na sisi wateja tununue lenye ganda limenywe mbele yetu, kisu cha kachumbari kisiwe kimefutwa kwenye suruali.

Nimezunguka kote huko kwasababu kila nilichokitaja hapo juu kinategemea kujua umri wa yai. Wiki tatu mpaka tano za friji zinahesabiwa kutoka lini? Siku tatu nne za kwenye sakafu zinahesabiwa kutoka lini? Ulaya mayai yanagongwa muhuri kwenye ganda lenyewe, namba ya kwanza inaonyesha kuku alifugwaje, kuanzia 0 mpaka 3, alafu herufi za nchi, na mnunuzi anaambiwa mwisho wa ubora ambao ni siku 28 tangu kutagwa. Marekani kwenye boksi kuna namba tatu, kutoka 001 mpaka 365, ndo siku ya mwaka ambayo mayai yalipakiwa. Sisemi tununue mashine za muhuri. Mfugaji wa Chanika mwenye kuku mia mbili hana hiyo hela.

Anachohitaji ni penseli. Trei zenyewe zinazunguka, leo kwake kesho kwa mwingine, kwahiyo akiandika kwenye trei baada ya mwezi kuna tarehe kumi juu ya trei moja na hamna anaeelewa, tena hayo matrei ya makaratasi yanayozunguka na kinyesi cha banda la jirani ni barua ingine kabisa nitaandika. Aandike kwenye yai, kwa penseli ya kawaida ambayo haidhuru, hata yai moja tu la pembeni kwenye kila trei, siku na mwezi. Au kipande cha karatasi kilale juu ya mayai trei likifunikwa na lingine. Wa jumla akichanganya mayai ya wafugaji tofauti aandike tarehe ya yale ya zamani zaidi. Na mfugaji ambae kuku wake wako kwenye dozi ya antibayotiki, akiwa na tabia ya kuandika tarehe atajua pia siku zipi mayai hayatakiwi kuuzwa, maana dawa nyingi zina siku za kusubiri zimeandikwa kwenye pakti na mayai ya siku hizo yanabeba dawa mpaka kwa mlaji.

Nimeongea na wauza duka wawili watatu mtaani kwetu kuhusu hili, wanachoogopa ni kwamba trei lenye tarehe ya zamani halitanunuliwa. Nawaelewa, hela yao iko mle ndani. Lakini mimi mpika keki nitanunua trei la wiki mbili kwa bei ya chini kama najua ni la wiki mbili, maana nalioka lote. Mama anaechemsha mayai ya shughuli anataka yaliyokaa kidogo yamenyeke vizuri. Anaetaka la leo kwa ajili ya mtoto atalipa bei ya leo. Kila yai lina mteja wake, saivi wote tunalipa bei moja kwa umri usiojulikana na anaepata hasara ni aliebahatisha vibaya. Na muuza duka mwenyewe akijua tarehe ataanza kuuza yale yaliyotangulia kuingia, sasa hivi anapanga mapya juu ya ya zamani na ya chini yanabaki huko huko.

TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ndo wenye usalama wa chakula tangu kazi hiyo ihamishiwe kwao mwaka 2019, nawaomba waliangalie hili kwa upande wa wauzaji wakubwa wa jumla kwanza, sio waanze kumkimbiza mama mwenye genge. Maafisa afya wa manispaa wanapopita kukagua maduka na mabucha wamuulize na muuza mayai mambo mawili tu, ya lini haya, na mbona yapo juani. Kuyaingiza ndani kivulini hakuhitaji kibali wala hela, ni kusogeza trei hatua tatu nyuma ya kaunta.

Na nyie wafugaji wa Kibaha, Chanika, Kigamboni na Goba mnaosoma gazeti hili, atakaeanza kuandika tarehe mimi nitanunua kwake, na wapika keki wenzangu nitawaambia. Mayai yakija Jumatatu na tarehe ya Jumapili, bei ikizidi kidogo sitabishana.

Msomaji wako,
Mpika keki, Tabata
Dar es Salaam